Kipepeo Aliyeufuata Mchikichi wa Mama

Mama yangu anaweza kudanganya bila aibu kuhusu mambo mawili tu: umri wake, na kama ameshakula. Kwa mengine yote ni mkweli mpaka anachosha. Kwa hiyo kila nikikumbuka jinsi nilivyomcheka kwenye simu, siku aliponiambia kwamba kipepeo wa kwetu amefika kwake kambini Nakivale, naona haya peke yangu hapa Kakoba, na pindo ninalolishona linakwenda kombo.

“Kipepeo gani?” nilimuuliza siku ile.

“Ule wa mungazi. Wa macho mekundu. Eko hapa ku ukuta, amekamata ukuta sawa vile alikuwa anakamataka kule kwetu.”

“Mama, amevuka ile milima yote na kibali ya nani?”

Nikacheka kwa sauti, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri nguo zao wakacheka nami bila kujua tunachekea nini. Mama hakucheka. Alisema, “Haya, bakia salama,” akakata simu.

Huyo kipepeo lazima nimweleze, maana si wa kuchorwa kwenye khanga. Hana rangi za kujivunia. Ni wa kahawia, rangi ya chai iliyolala, na vidoa vichache vyeupe mabawani. Mwili wake ni mfupi na mnene, kichwa kikubwa, macho mekundu. Haelei hewani kama vipepeo wa maua. Anaruka kwa kushtuka, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Mchana humwoni. Anajitokeza jua likishazama, kwa dakika chache tu kabla giza halijashika, kisha anaingia ndani na kutua ukutani.

Kijijini kwetu Fizi, Kongo, alikuwa wa kawaida kabisa, kwa sababu michikichi, ambayo mama huiita mingazi, kwetu ilikuwa mingi kuliko watu. Sisi watoto tulikulia chini ya hiyo miti. Siku ya kukamua mawese kijiji kizima kilinuka moshi na mafuta. Povu la rangi ya machungwa lilipanda kwenye pipa, na sisi tuligombania nyuzi za chikichi zilizokwisha kukamuliwa, tukizifyonza mpaka midomo na vidole vikawa vyekundu. Nimekula vyakula vingi tangu wakati ule, vingine kwenye hoteli za Mbarara zenye vitambaa mezani, lakini ladha ya zile nyuzi sijaipata tena.

Watoto wa kipepeo huyo, yaani viwavi wake, hushona. Nasema hushona, na mimi ni fundi nguo, najua ninachosema. Kiwavi huvuta kingo mbili za jani la mchikichi, akazifunga kwa uzi anaoutoa mwenyewe kinywani, pindo baada ya pindo, mpaka jani linakuwa bomba. Kisha hujilaza ndani kama mto ndani ya foronya. Tulikuwa tukizifungua zile bomba na kumkuta amejipaka unga mweupe, amekasirika. Mama alitukataza. Alisema nyumba ya mtu haifunguliwi bila hodi.

Na nyumbani kwetu, sijui kwa wengine, kipepeo huyo akiingia jioni hafukuzwi. Bibi mzaa mama alipomwona ukutani alirudi kwenye chungu akaongeza konzi moja ya unga. Maana yake mgeni yuko njiani. Akifika, atakuta chakula. Asipofika, watoto watakula kiporo asubuhi. Mama alirithi desturi hiyo kwa bibi, na mimi niliipenda sana kwa ajili ya kiporo. Kulikuwa na jioni nilizokuwa nikikaa mlangoni nikimwomba Mungu amlete yule mdudu, na mgeni amcheleweshe.

Nilikuwa na miaka kumi tulipokimbia vita kuja Uganda. Baba alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa, akabaki mama, kaka yangu na mimi. Njiani mama alitulisha chochote kilichopatikana, na mara nyingine hakikupatikana kitu zaidi ya chikichi za kutafuna. Tulipoandikishwa pale Kabazana, katika kituo cha kupokelea wakimbizi wa Nakivale, alifungua pembe ya kitenge chake na ndani mlikuwa na kokwa nne. Nilidhani ametuwekea tule. Kumbe zilikuwa mbegu.

Tulipopewa kiwanja alizipanda zote nne karibu na mahali pa kufulia, maji ya sabuni yanapomwagika. Zikakaa ardhini miezi mingi hata tukazisahau. Tatu hazikuota. Moja ikaota.

Isingiro, wilaya yenye kambi ya Nakivale, si nchi ya michikichi. Ni nchi ya ndizi, na ng'ombe wenye pembe ndefu, na kiangazi kisicho na huruma. Wenyeji waliopita na ng'ombe wao walisimama kuuliza huu ni mti gani, na mama aliwaeleza mmoja mmoja, kwa ishara, kwa sababu lugha ilikuwa haijapatikana. Wakimbizi wenzetu ndio waliotucheka zaidi. Walisema mama yetu amekimbia vita akiwa na shamba mgongoni. Yeye aliumwagilia tu. Hata mwaka ule wa ukame, tulipopanga foleni ya madumu tangu alfajiri, mchikichi ulipata kikombe chake kabla kaka yangu hajanawa uso, na kaka alinuna wiki nzima.

Mti ukakua, mwembamba, umeinama kidogo upande wa bonde la ziwa Nakivale. Baada ya miaka mingi ukazaa mkungu mmoja, na chikichi zake zilikuwa ndogo kama maharage. Mama alizichemsha, akazitwanga, akazikamua kwa mikono, akapata mafuta yasiyojaa kijiko. Akayamwaga yote kwenye sombe, kisamvu chetu. Tulikula sote watatu kutoka sahani moja, na mama alilia huku anatafuna. Tulimwacha alie. Kaka yangu aliyenuna kwa ajili ya kikombe cha maji ndiye aliyeifuta sahani kwa kidole.

Baadaye tukatawanyika, kama watoto wanavyotawanyika. Kaka alipelekwa Amerika katika mpango wa wakimbizi. Mimi nilijifunza ushonaji, nikaja Mbarara, nikapanga chumba na kibaraza cha kazi hapa Kakoba. Mama alibaki Nakivale na mti wake, na jirani mmoja Mrundi, mjane kama yeye, ambaye aliazimana naye chumvi na kugombana naye kuhusu kuku kwa miaka kumi na mitano.

Sasa nirudi kwenye ile simu. Wiki mbili baada ya kumcheka, nilikwenda kumwona. Nilifika jioni bila kutoa taarifa, nikamkuta anasonga bukari, ugali wa kwetu. Bukari ile ilitosha watu watatu. Sahani zilikuwa mbili mkekani.

“Unapikia nani?” nikamuuliza.

“Kipepeo amekuja. Nimeongeza unga.”

“Amekuja leo?”

“Kila siku anakuja. Kila siku naongeza.”

Niliikumbuka desturi vizuri sana, na kukumbuka ndiko kulikonitisha. Kipepeo yule anaishi kwenye michikichi, na michikichi yake iko ng'ambo ya ziwa Tanganyika na milima, safari ya siku kadhaa kwa gari. Niliona mama ameanza kuishi kule alikotoka huku miguu yake iko huku. Nilitazama ukuta. Palikuwa na kalenda ya kanisa na msumari.

Kesho yake asubuhi jirani Mrundi alinivuta nyuma ya jiko. “Mama yako anapika chakula cha mutu haonekani,” akaninong'oneza. “Asubuhi analeta kiporo kwangu. Mimi nakula, siwezi kukataa chakula, lakini naogopa. Labda anapikia baba yako.”

Mambo mengine nayo yakajipanga mstari, kama yanavyojipanga mtu akishashuku. Mama aliwahi kuniita kwa jina la dada yake marehemu. Aliwahi kuunguza maharage. Mimi mwenyewe huunguza maharage kila mwezi na hakuna anayeniita mgonjwa, lakini wakati huo sikuwaza hivyo.

Nilimpigia kaka. Kaka yangu, tangu afike Amerika, amekuwa daktari wa maradhi yote. Alinisikiliza dakika mbili akasema, “Hiyo ni ugonjwa ya bazee. Akili inarudi nyuma. Usimuache peke yake, ataunguza nyumba.” Akanituma maandishi marefu ya kusoma, nikayasoma yote, na kila dalili niliyoisoma niliiona kwa mama.

Hata hivyo nilitaka kuwa mtu wa haki. Nikamwambia mama nitakaa jioni moja zaidi, tumngoje huyo kipepeo pamoja. Alifurahi! Alifagia, akafungua mlango, akaniwekea kiti. Nilikaa pale kama askari wa zamu. Saa kumi na moja na nusu mvua ikaanza, ya upepo, ikapiga mabati mpaka hatukusikilizana. Hakuna mdudu aliyeingia, wala mbu. Mama aliniangalia kwa pembeni akasema, “Na mvua hii hawezi kutoka. Kesho.” Lakini kesho nilikuwa na sare za shule za kukabidhi. Niliondoka asubuhi, na moyoni nilikuwa nimeshakata shauri.

Mwezi uliofuata tulimhamisha. Nasema tulimhamisha, kaka kwa simu na mimi kwa mikono. Mama alisimama mlangoni akasema maneno machache, bila kupandisha sauti: “Mi siko na wazimu. Nimeona kitu, nimesema kitu.” Nikamjibu kwa ile sauti ya upole inayotumika kwa wagonjwa, “Najua, mama, najua.” Leo mtu akinisemesha kwa sauti hiyo nitampiga na rula. Kiwanja na nyumba tuliwaachia mume na mke vijana waliokuwa wametoka Kabazana na mtoto mchanga, na wazee wa mtaa wakaridhia.

Mama akakaa nami Kakoba. Bodaboda zinapita mlangoni tangu kunapambazuka, muziki wa duka la jirani haulali, na nyuma ya chumba kuna ua wa saruji usioota hata jani. Hakulalamika. Aliniokotea vipande vya nguo, aliniwashia jiko la mkaa, alikwenda kanisani. Kipepeo hakumtaja tena hata siku moja. Mimi nilimwandikia kaka kwamba mama ametulia, amepata nafuu. Kwa kweli alikuwa ameacha kuniambia mambo. Nilikuwa nikirudi kutoka sokoni namkuta ametazama ule ua wa saruji, ananiuliza nyanya ni za wapi, basi. Nilimkosa mama yangu huku nimekaa naye chumba kimoja.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Ndipo siku moja akaja mteja na wavu.

Alikuwa mwalimu wa sayansi, Mnyankole, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Wavu wake ulikuwa wa kitambaa cha chandarua, umefungwa kwenye duara la chuma na mpini, na ulikuwa umechanwa na miiba kuanzia juu hadi chini.

“Unavua samaki gani na hii?” nikamtania.

“Mimi navua vipepeo, nyabo,” akasema, akiniita bibie kwa lugha yake. “Naandika ile iko hapa kwetu. Kila mwaka naandika.”

Nikamwambia akae nimshonee papo hapo. Alipokuwa akingoja alifungua kitabu chake, kizito, chenye picha za vipepeo na ramani ndogo kando ya kila picha. Nilishona, nikachungulia, nikashona. Alipofika kwenye kurasa za vipepeo wabaya wa sura, wa kahawia, ambao alisema ukoo wao huitwa warukaji kwa sababu ya namna wanavyokwenda, mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani. Alikuwepo pale, kwenye kona ya chini. Chai iliyolala, vidoa vyeupe, macho mekundu.

“Huyu,” nikasema, “mama yangu anasema alimwona Nakivale.”

Mwalimu akatabasamu kwa adabu. Akaweka kidole kwenye ramani. “Hii haiko hapa. Angalia. Rangi inaishia kule Kongo, upande ya ziwa. Nakivale ni kavu, na hii inakula michikichi tu. Labda mama aliona nondo.”

Sijui hasira ile ilitoka wapi. Nilimwambia kwamba mama yangu amezaliwa chini ya michikichi, na kwamba kama kuna mtu Uganda nzima anayeweza kumtambua yule mdudu gizani basi ni yeye, na kwamba mchikichi upo Nakivale, kaupanda kwa mikono yake, kwa hiyo ramani yake ndiyo iliyokosa. Mwalimu alishika miwani yake. Nilipomaliza nikatambua kwamba kila neno alilolisema yeye nilikuwa nimelisema mimi kabla yake, nikaongeza na kicheko.

Mama alikuwa ameketi mlangoni nyuma yetu, anachambua mchele. Mwalimu akageuka kumsalimu, akamwita mukaaka, kama Wanyankole wanavyomwita bibi kwa heshima, akachuchumaa mbele yake. “Mukaaka, ile kipepeo wewe uliona, ilikuwa namna gani?”

Mama alinitazama kwanza. Nadhani alikuwa anapima kama swali hili nalo ni la kumtafutia ugonjwa. Kisha akaweka ungo chini akajibu polepole, akahesabu kwa vidole. Anatoka jua likizama. Mchana analala ndani ya majani makavu ya mti. Akitua ukutani anafunga mabawa juu ya mgongo, hayalazi kama nondo. Kiwavi wake anafunga jani kwa uzi, na ndani kuna unga mweupe.

“Na pembe zake za kichwa,” akamaliza, “zinanenepa ku mwisho, kiisha zinapinda, sawa ndoana ya samaki.”

Mwalimu alikuwa anaandika. Hapo akaacha kuandika. Alinieleza baadaye kwamba ile ndoana ndiyo alama ya ukoo wa warukaji, nondo hana, na kwamba ana wanafunzi waliofundishwa miaka miwili bila kuiona. Wakati ule alisema tu, “Mukaaka, Jumamosi twende.”

Jumamosi mama aliamka kabla yangu. Alivaa kitenge cha kanisani na viatu vya kufunga. Njiani aliongea kuliko alivyoongea miezi mitatu yote: akamwonyesha mwalimu njia ya Ngarama, akamweleza ni wapi tulichota maji mwaka wa ukame, akamsimulia kuhusu kaka kununa. Mwalimu alicheka mpaka akafuta miwani. Mimi nilikaa nyuma yao nikisikiliza sauti ya mama yangu, na nilitamani barabara iendelee hata tukafika Fizi.

Tulipokata kona ya mwisho nikatafuta kichwa cha mti juu ya mapaa, kama nilivyozoea tangu utoto. Hakikuwepo.

Kilikuwepo kisiki, kimekatwa kwa panga, kimekauka juu, na mahindi mabichi yamekizunguka. Mke kijana alitoka na mtoto mgongoni, akatuona, akaelewa mara moja. Alipiga magoti. “Mama, utusamehe. Haukuwa unazaa. Ulikuwa unazibia mahindi jua. Batu walituambia ulikuwa mti ya bure tu.” Aliogopa kwamba tumekuja kuwaondoa.

Mama alimwinua kwa mkono. “Simama, mutoto yangu. Umepanda mahindi, umefanya vizuri.” Akamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Akauliza majani ya mti waliyapeleka wapi.

Waliyajengea bafu. Nyuma ya nyumba palikuwa na uzio wa kuogea, makuti ya mchikichi yamefungwa kwa kamba kwenye miti, mengi yamekauka, machache ya ndani bado yana kijani cha kufifia. Mama alikwenda akaanza kuyapapasa. Hakuangalia sana; vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vinatafuta, jani baada ya jani, kama ninavyotafuta mimi mahali mshono ulipofumuka. Mwalimu akaniashiria nisimsaidie.

Akasimama. Akavuta jani moja mbele. Lilikuwa bomba, limeshonwa pindo zote mbili kwa uzi mweupe, mshono ule ule wa utotoni. Alilifungua: tupu, vumbi jeupe tu. La pili lilikuwa na ganda lililopasuka. La tatu alilifungua kidogo sana, kwa ukucha, na ndani mlikuwa na kifukofuko kimelala katika unga wake. Alikigusa, kikatingisha mkia.

“Njo ye,” mama akasema. Ndiye.

Mwalimu alipiga magoti kwenye matope ya bafu na suruali yake safi. Alipiga picha, akapima, akahesabu bomba zote, akauliza maswali yasiyo na mwisho. Siku tisa baadaye kipepeo mwenyewe alitoka kwenye kopo ambamo mwalimu alikitunza kile kifukofuko, macho mekundu na yote, na mwalimu akaja mbio Kakoba kutuonyesha. Lakini hata siku ile hakuwa na shaka. Alisema hajui amefikaje. Labda kwenye mizigo ya malori yanayotoka Kongo, labda kidogo kidogo kwa miaka mingi, mti hadi mti. Labda yuko Isingiro tangu zamani na hakuna aliyemtazama. Alichojua ni kwamba rangi kwenye ile ramani itabidi isogezwe, na alitaka kuandika ni nani aliyemwona kwanza, na lini.

“Jumapili ya mavuno,” mama akajibu papo hapo. “Tulikuwa tumetoka kanisa. Niliona saa ya jioni. Nilipiga simu kwa mutoto yangu.”

Mwalimu akaandika jina la mama kwa herufi kubwa, akamsomea. Jirani Mrundi alikuwa ameshafika, amesimama na mikono kichwani. “Kumbe alikuwako,” alikuwa anarudia. “Kumbe alikuwako kweli.” Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mguu wangu ulikuwa mzima. Kilichovunjika kilikuwa nyumba ya mama yangu, na mimi ndiye niliyeivunja, kwa upole, na karatasi za wazee wa mtaa mkononi.

Nilimfuata mpaka kwenye uzio. Alikuwa anairudisha ile bomba ya pili mahali pake, ingawa ilikuwa tupu. Nilimuuliza jambo pekee lililonijia. “Mama, unataka kurudi kukaa hapa?”

Hakugeuka. Ndani ya nyumba mtoto mchanga alikuwa akilia na mama yake akimwimbia.

“Uliniulizaka,” akasema, “wakati nilikuwa na nyumba?”

Mwalimu alikuwa karibu, akajifanya anakung'uta wavu wake. Nilipiga magoti mahali pale pale alipokuwa amepiga magoti mwalimu, nikaikamata miguu ya mama yangu, na viatu vyake vya kanisani vimejaa matope. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia kwamba aliona na akasema, na mimi nilikataa. Nilisema yote, hata yale ya kicheko na wateja wawili, ambayo hakuyajua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja kichwani kwangu, akakiacha hapo muda, akakitoa.

“Nimesikia,” akasema, akatangulia barabarani kungoja gari la Mbarara. Juu ya jambo hilo hajaongeza neno mpaka leo.